Jerikeni, Kombe na Binamu Yangu

Kabla binamu yangu hajaletwa kwetu Burumba, mtaa wa Busia upande wa Kenya, mpigaji bora wa softboli katika shule yetu alikuwa mimi. Naliweka hili mwanzoni kabisa kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayelikumbuka. Waulize walimu, watakuambia habari za binamu yangu. Muulize mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni, atakuambia habari za binamu yangu, halafu atakuuliza kama umekula.

Softboli, kwa wale ambao shule zao zilikuwa na mpira wa wavu tu, ni besiboli iliyopunguziwa uwanja. Mrushaji anarusha mpira kutoka chini, mkono ukizunguka kama feni. Mpigaji anausubiri na gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, kavaa kinga ya uso kama fundi wa kuchomelea vyuma. Ukipiga, unakimbia kuzunguka besi hadi urudi ulipoanzia, na hiyo ni alama moja. Ukikosa mara tatu, unaenda kukaa na aibu yako. Ni hayo tu. Mengine ni kelele za mashabiki.

Nikiwa Fomu Wani, alikuja kutuangalia mwalimu mmoja wa kike kutoka shule kubwa ya wasichana, ile ambayo kila mwaka huchukua wachezaji wawili watatu kutoka shule ndogo na kuwasomesha bure hadi wamalize. Alikuwa na kofia nyeupe na filimbi shingoni. Aliniona nikipiga. Akaniwekea mkono begani akasema, "Endelea hivyo hivyo. Nitarudi kukuchukua." Nilitembea na lile bega wiki nzima kama limepakwa mafuta ya askofu. Hata kuoga nilikuwa nalizunguka.

Mwaka uliofuata shangazi yangu, dada ya baba aliyeolewa upande wa Tororo, Uganda, alipata kazi mbali na kwake, na binti yake akaletwa kwetu. Sisi watu wa huku mpaka tunauona kama mstari wa serikali. Ukoo haujawahi kuuona. Binamu yangu alivuka asubuhi na sanduku la bati na kuku mmoja wa zawadi, na kabla ya saa sita alikuwa ameshaosha vyombo ambavyo mimi nilikuwa nimevificha chini ya meza tangu jana.

Alinizidi miezi mitatu na kiganja kizima cha urefu. Huko kwao alikuwa amecheza softboli tangu shule ya msingi. Siku yake ya kwanza ya mazoezi alipiga mpira ukaenda kuanguka kwenye mihogo ya jirani wa shule, mahali ambapo mimi nilikuwa nimewahi kufika kwa miguu tu, nikiiba mihogo. Mwalimu wetu wa michezo, ambaye pia hutufundisha jiografia, alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba Ziwa Viktoria bado liko pale pale.

Hata muhula mmoja haukuisha. Nafasi yangu kwenye besi ya tatu ikawa yake. Zamu yangu ya kupiga ikawa yake. Mimi nikapewa majerikeni mawili ya manjano na kuambiwa kwamba timu inahitaji mtu wa maji mwenye moyo mkubwa. Nyumbani tulilala kitanda kimoja, na hata hapo yeye ndiye aliyelala upande wa ukuta. Mama akipika kuku, binamu alipewa paja kwa sababu ni mchezaji. Mimi nilipewa shingo, nikaambiwa inaongeza sauti.

Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa na maringo. Hakuwa nayo. Jambo baya zaidi kuhusu binamu yangu ni kwamba hakuwa na ubaya wowote ambao mtu angeweza kuushika. Nilitafuta. Nilipekua mpaka sanduku lake la bati. Nilikuta sare, Biblia ya Kiateso na picha yangu, ile niliyopigwa nikiwa darasa la nane nimefumba macho.

*

Sasa jerikeni.

Mama yangu huuza mayai. Huyatoa Uganda yakiwa mabichi, anayachemsha nyumbani, na Jumamosi tunaenda kuwauzia madereva wa malori kwenye foleni ya mpaka, Malaba. Mayai hayo mara nyingine hupita getini kwa heshima, na mara nyingine hupita njia za panya nyuma ya Burumba, kwa heshima kidogo. Kwenye njia za panya, mtu wa mbele habebi mzigo. Hubeba jerikeni tupu, kama anaenda kuchota maji. Akilipiga mara moja kwa kiganja, maana yake njia ni safi, pita haraka. Akilipiga mara mbili, kuna maafisa mbele, nenda polepole au kaa chini ujifanye unatoa mwiba. Mimi nimekuwa mtu wa mbele tangu nikiwa na miaka tisa. Macho yangu humwona afisa akiwa bado anafunga mkanda kwake.

Tulikuwa tunacheza mechi ya pili ya mashindano ya kaunti, na tulikuwa tunapigwa. Binamu peke yake ndiye aliyekuwa akigusa mpira. Mimi nilikaa upande wa mbali wa uwanja na maji yangu, nikiwa natazamana na mdakaji wa wapinzani, nikamwona akifanya kitu kati ya mapaja yake. Alikuwa anamwonyesha mrushaji wake vidole. Kimoja, mpira unakuja wa kasi. Viwili, unakuja wa polepole, ule wa kukudanganya upige hewa. Na ili mrushaji aone vizuri alikuwa amevifunga vidole plasta nyeupe. Asante sana, dada.

Sikufikiria hata kidogo. Mkono wangu ulijipeleka wenyewe kwenye jerikeni tupu. Kidole kimoja, pigo moja: haraka. Viwili, mapigo mawili: polepole. Wenzangu wote ni watoto wa mitaa ya Burumba na Sofia, wamelelewa na hiyo lugha kama uji. Msichana aliyekuwa na gongo aligeuza shingo kidogo kuniangalia. Mpira uliofuata aliupiga mpaka akafika besi ya pili, yeye ambaye tangu azaliwe alikuwa hajafika ya kwanza.

Kanuni ni rahisi: mpigaji haruhusiwi kuambiwa kinachokuja. Tuliijua. Lakini watu wa Magharibi mwa Kenya hatuwezi kutazama hata mazishi bila ngoma. Mashabiki walikuwa na ngoma, filimbi, vifuniko vya sufuria, na katikati ya kelele hizo jerikeni moja ni nani atalisikiliza? Mwalimu wetu alikuja wakati wa mapumziko, akainama karibu yangu kama anakunywa maji. Alisema, "Mimi nimezaliwa Malaba. Masikio yangu yaliharibiwa na honi za malori zamani sana." Akanywa, akaenda. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa.

Tukaanza kushinda. Shule ambazo zilikuwa zinatuita mboga zikaanza kutuamkia. Na kila tuliposhinda, jina lililoimbwa lilikuwa la binamu yangu. Alipiga mpira nje ya uwanja mechi ya tatu, ya nne, ya tano. Mimi nilikuwa nakaa kule mbali nikiwa nimevimba kiganja, najiambia: yule ni mkono, mimi ndiye macho. Bila mimi angekuwa anapiga nzi. Niliamini hivyo kama ninavyoamini Baba Yetu.

Nusu fainali tulicheza Busia mjini, na pale jerikeni lilitaka kutuumbua. Akina mama wa mayai na mandazi walikuwa wamejipanga kando ya uwanja. Nikapiga mapigo mawili, mpira wa polepole. Mama mmoja akafunika beseni lake kwa leso, akasimama, akaanza kutembea kuelekea vyoo bila kugeuka. Wa pili akamfuata. Wa tatu akaliacha beseni na kwenda bila kitu. Refa alisimamisha mchezo akidhani kuna nyoka. Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kumtazama binamu, si mimi, hakukimbia. Alitembea taratibu hadi nilipokaa, akaniangalia mimi na jerikeni, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe mtoto, siku moja utatupeleka sote ndani kwa sababu ya mchezo." Kisha akarudi kuwatafuta wenzake chooni. Lakini hakuniambia niache. Binamu alikuwa anapiga vizuri.

*

Fainali ya kaunti ilichezwa Malaba, kwenye uwanja ulio kando ya barabara ya malori. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu ajabu; madereva walipanda juu ya mizigo yao wakatazama kutoka huko, wengine wakiwa na sahani za chakula.

Mwalimu wa kofia nyeupe alikuwa amekuja. Nilimwona kutoka mbali. Nilijipangusa uso, nikasimama kwa lile bega langu lililopakwa mafuta, nikamsubiri anikumbuke. Alikuja moja kwa moja. Akasema, "Msichana wa maji, nipatie kikombe. Na unionyeshe, yule wa kutoka Tororo ni yupi? Nikiona nilichosikia, leo naondoka na jibu lake."

Nilimpa maji. Nilimwonyesha. Alinirudishia kikombe bila kuniangalia.

Sasa niwape hali ilivyokuwa, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinakaa juu ya pigo moja. Zamu ya mwisho. Tuko nyuma kwa alama moja. Mwenzetu mmoja yuko besi ya pili, wawili wameshatolewa. Akitoka mmoja zaidi, tumekwisha. Anayekuja na gongo ni binamu yangu. Mrushaji wa wale alikuwa msichana mnene wa mabega ambaye mpira wake wa kasi ulikuwa unalia hewani. Binamu alikuwa ameshakosa mara mbili.

Mdakaji akashusha mkono. Nikaona vidole viwili vyeupe vya plasta, wazi kabisa kama alama za chaki. Polepole.

Nikalipiga jerikeni mara moja.

Sikukosea. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye wapo walionitetea wakisema labda jua lilinipiga machoni. Nilitaka azungushe gongo mapema, apige hewa, akae chini mbele ya kofia nyeupe. Kombe lingeenda, wenzangu wangelia, mwalimu wangu angerudi kwenye ramani zake, na mimi nilikuwa nimekubali yote hayo kwa ile sekunde moja. Wivu hauna hesabu ndefu.

Mpira ulikuja polepole, ukining'inia. Binamu hakuharakisha. Alisubiri, akasubiri, kisha akauchukua kutoka chini na kuupeleka juu ya uwanja wote, juu ya ua, juu ya barabara, ukaanguka kwenye turubai la lori lililokuwa linaelekea Uganda. Dereva alipiga honi. Malori yote yakapiga honi. Mpira ule mpaka leo naamini uko Kampala, na haukulipiwa ushuru.

Alama mbili, kombe letu, nami nilikimbia uwanjani na wengine. Nilimkumbatia. Kuna video aliyochukua shabiki kwa simu inayoonyesha yote, kuanzia mdakaji anaposhusha mkono mpaka mimi nikilia kwa furaha shingoni mwa binamu yangu. Ile ya kulia nilikuwa nalia kweli. Furaha ndiyo haikuwepo.

*

Kombe lilizungushwa kwa pikipiki, kuanzia Malaba kupita Busia hadi Busibwabo, kijijini kwa babu. Mheshimiwa mmoja alituahidi basi la shule ambalo bado tunalisubiri kwa miguu. Bango likawekwa kwenye lango la shule: binamu na kombe, nyuma yake timu nzima, na pembeni kabisa kiwiko changu. Barua ya shule kubwa ilifika baada ya wiki moja. Angeanza huko muhula unaofuata. Mama aliisoma mara tatu, mara ya tatu akiisoma kwa wimbo.

Nilivumilia wiki mbili. Nataka mnipongeze kwa hizo wiki mbili.

Jumamosi ya tatu nilikuwa Malaba na ndoo ya mayai, napita kati ya malori, nikakutana na yule mdakaji wa timu tuliyoifunga fainali. Alikuwa anauza njugu za mama yake. Tulicheka, tukabadilishana yai kwa njugu, tukakaa kwenye kivuli cha lori. Alikuwa msichana mzuri, hakuwa na kinyongo. Akasema, "Lakini yule dada yenu ni mashine, bana. Mimi sijawahi kuona."

Kama angesema kitu kingine chochote, kombe lingekuwa bado liko kwenye kabati la ofisi.

Nikamwambia mashine huwa na dereva. Akauliza dereva gani. Nikayatoa mayai yaliyobaki, nikaipindua ndoo, nikamwonyesha. Kidole kimoja, pigo moja. Vidole viwili, mapigo mawili. Nikamweleza plasta yake ilivyonisaidia, nikamwigiza alivyokuwa akichuchumaa, nikaigiza na mwalimu wangu na masikio yake. Nilikuwa mcheshi kweli siku hiyo. Aliinua simu akasema rudia, na mimi nikarudia, tena nikiongeza chumvi, nikamaliza kwa kusema mbele ya simu kwamba wapigaji wote wa timu yetu, kuanzia wa kwanza hadi yule mashine, walikuwa wakipiga kwa macho yangu.

Jumatatu asubuhi kila mtu alikuwa ameiona video hiyo. Mwalimu wa jiografia aliingia darasani, akachora ramani ya Afrika, akasahau kuandika nchi, akatoka.

*

Kamati ya mashindano ilikaa shuleni kwetu, kwenye chumba cha walimu. Walikuwa walimu watatu kutoka shule nyingine, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja mpole anayeandika kila neno kwa mkono. Walialika pia mdakaji yule na mwalimu wake, na mama yangu kama mzazi wetu sote wawili. Kwenye kona alikaa mwalimu wa kofia nyeupe. Safari hii kofia ilikuwa kwenye magoti. Alisema kwa ufupi kwamba shule yake haina ugomvi na mtu, lakini haichukui mwizi, na jibu la kamati ndilo jibu lake.

Kombe lilikuwa limeshakwenda, hata mtoto angeona hivyo. Wenzangu walikubali mmoja mmoja. Mwalimu wetu alijaribu ile ya masikio na malori, mwenyekiti akaiandika yote kwa makini, kisha akamwuliza kwa upole anafundishaje darasa la wanafunzi hamsini ikiwa hasikii. Kilichobaki kilikuwa binamu.

Alisimama amenyooka. Mwenyekiti akamwuliza kama alikuwa akisikia jerikeni.

"Nilikuwa nalisikia."

"Na ulilifuata?"

"Hapana, mwalimu. Mimi hutazama bega la mrushaji."

Mtu fulani alicheka puani. Mwalimu wa timu pinzani akasema kila mwizi duniani hutazama bega. Mwenyekiti aliandika, lakini kwa namna aliyoandika, polepole bila kuinua kichwa, niliona kwamba hakuamini. Kofia nyeupe ilianza kurudi kichwani. Binamu hakujitetea zaidi. Alikaa na kuweka mikono juu ya sketi yake, na mama yangu akaanza kupangusa macho kwa leso bila sauti.

Nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimejipangia utani. Ningesema nilikuwa nafukuza nzi. Ningesema jerikeni lina pepo. Mama alikuwa ameniambia tangu nyumbani niseme ilikuwa kushangilia tu, na video ya ndoo ilikuwa mzaha wa mtoto mjinga, jambo ambalo kila mtu angeliamini bila ushahidi. Na kulikuwa na njia nyingine, tamu kuliko zote: nikae kimya. Ningekaa kimya tu, binamu angebaki Burumba, mwizi kama sisi wengine, na kwenye lile bango tungekuwa sawa.

Nilimwangalia. Akawa ananiangalia pia, si kwa kuomba. Ni kama mtu anayesubiri mpira.

Nikasema yeye hakufuata. Mwenyekiti akaniuliza nimejuaje. Nikasema kwa sababu pigo la fainali nilimpigia uongo.

Nikaeleza: mdakaji alionyesha viwili, mimi nikapiga moja. Kama angekuwa ananisikiliza angepiga hewa. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, mara ya kwanza siku hiyo, akamgeukia mdakaji. Yule msichana alikuwa ameshika kichwa. Alisema ni kweli, aliitisha polepole, na anakumbuka vizuri kwa sababu mrushaji wao hajamsamehe mpaka leo.

Mwalimu wa kofia nyeupe ndiye aliyesema kuna video ya fainali. Kila mtu pale alikuwa nayo. Sote tulikuwa tumeitazama mara mia, tukimtazama binamu. Mwenyekiti akaiweka simu mezani, sauti juu kabisa. Ngoma, filimbi, mtu akiita jina la mtoto wake. Mdakaji anashusha mkono. Halafu, kavu, peke yake: pigo moja. Mpira unakuja umelegea. Gongo linasubiri.

Waliirudia mara tatu. Mara ya tatu mama hakuwa anaangalia simu. Alikuwa ananiangalia mimi.

Mwenyekiti akauliza, kwa upole ule ule, "Sasa, binti yangu, kwa nini ulimpigia uongo ndugu yako?"

Hapo ndipo utani ulipaswa kuja. Nimekuwa na utani kwa kila kitu, mpaka kwenye mazishi ya babu mkubwa nilichekesha wabeba jeneza.

"Nilitaka akose," nikasema. "Tena nilitaka sana."

Akaandika. Niliyaona maneno hayo yakiandikwa, kwa herufi nzuri za mwalimu wa zamani, na chini yake nikaweka sahihi.

*

Kombe lilirudishwa. Bango liliondolewa, na kiwiko changu nacho. Mwalimu wetu amefungiwa michezo kwa mwaka mzima, na sasa anatufundisha mito ya Afrika kwa hasira ambayo mito haistahili. Mimi nilipewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja wote, peke yangu, na timu nzima ilikuja kunitazama nikifyeka. Walipiga makofi kwa zamu. Niliwaambia wanunue tiketi.

Mama hakuzungumza nami siku nne. Siku ya tano alinipa paja la kuku, nikaogopa kulila.

Binamu yangu alipewa nafasi yake. Kofia nyeupe ilimpa mkono palepale. Kwangu alisimama pia, akaniangalia kwa muda, nikadhani labda sasa amenikumbuka. Aliniambia nina macho mazuri, akaenda zake.

Kati ya siku ile na siku ya kuondoka, binamu hakuniuliza lolote. Tuliamka, tukachota maji, tukaenda shule, tukarudi. Alinisaidia hata kufyeka, upande wa mbali ambapo walimu hawaoni. Mwisho mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Tulikuwa tunabeba sanduku lake kwenda stendi, yeye mshikio mmoja mimi mwingine, nikamwuliza kama siku ile ya fainali alitambua.

"Nilitambua," akasema. "Nilisikia moja, halafu nikaona bega limelegea. Nikajua umeamua."

Tulitembea hatua kadhaa. Wiki zote zile, kombe, pikipiki, bango, kitanda kimoja, alikuwa anajua. Nikamwuliza kwa nini hakusema, si kwa kamati wala kwa mama, hata pale walipokuwa wanamwita mwizi.

Aliweka sanduku chini abadilishe mkono.

"Ningesema nini, dada? Nakula kwenu. Nalala kitandani kwako. Mgeni hasemi mtoto wa nyumba amefanya nini."

Sikuwa nimewahi kumfikiria kama mgeni. Nilikuwa nimemfikiria kama mwenye nyumba aliyekuja kunifukuza. Nikasimama pale barabarani kama mbuzi aliyesahau anakoenda, na kilichonijia, Mungu anisamehe, hakikuwa huruma. Nilimwonea wivu tena. Kumbe hata kukaa kimya alikuwa ananishinda, na mbali.

Kwenye stendi mama alikuwa amefika kabla yetu na trei ya mayai ya safari, mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula bila kupelekwa hospitali. Alimkumbatia, akamwombea kwa Kiluhya, akamwombea tena kwa Kiswahili ili abiria wengine wasikie. Ilipofika zamu yangu nilimpa mkono, akauvuta akanikumbatia, na kwa kuwa ni mrefu, uso wangu ukaishia kwenye kwapa lake.

Nikamwambia akifika huko apige vizuri, lakini asipige vizuri sana.

Alicheka mpaka kondakta akageuka. Akaingia akiwa bado anacheka, akanipungia mkono dirishani, akamwambia aliyekaa naye kwamba huyu dada yake ana utani.

Sikuwa natania.